Gauni la jua lililonitembeza Eastlands

UKIPANDA matatu ya nambari 58 katikati ya jiji la Nairobi, ukaketi dirishani upande wa kulia, utaiona Kaloleni kabla utingo hajamaliza kukusanya nauli. Ni mtaa wa nyumba za mawe zenye paa za vigae vyekundu, zilizojengwa na baraza la manispaa katika miaka ya 1940, zikizunguka viwanja vya nyasi ambako watoto hucheza kandanda hadi giza liingie. Miti yake ni mikubwa kuliko ya mitaa mingi ya Eastlands, na chini ya vivuli vyake hukosi kumwona kinyozi, muuza viazi karai na, hapa na pale, fundi wa nguo na cherehani yake.

Kwa miaka mingi mmoja wa mafundi hao alikuwa mama yangu. Cherehani yake ni ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, yenye maandishi ya rangi ya dhahabu ambayo sasa yamefutika nusu. Ilikaa barazani, na ndiyo iliyotulisha. Sare za shule, makanzu ya kwaya, mapazia, nguo za wasimamizi wa harusi, yote hayo yalipita chini ya sindano yake. Karo yangu ya shule ya upili ililipwa kwa kola za mashati ya watoto wa watu wengine.

Lakini jicho likichoka halina wa kulisaidia. Miaka michache iliyopita mama alianza kutuuliza kama taa imefifia. Siku aliposhindwa kutia uzi kwenye tundu la sindano aliifunika cherehani kwa leso kuukuu, akaingia ndani. Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Upasuaji ulisaidia jicho moja, ila si kiasi cha kumrudisha kwenye kazi.

Desemba iliyopita ndugu yangu mkubwa alikuja na habari kwamba kuna mwenye mkahawa anayezitafuta cherehani kuukuu, miguu yake ya chuma aigeuze meza za wateja. Bei aliyoitaja haikuwa mbaya.

"Inakaa bure tu," akasema. "Hakuna anayeitumia."

Mama alikaa kimya. Mimi ndiye niliyeropoka: "Nitaitumia mimi."

Msomaji, nakiri kwamba tangu nilipoacha kutambaa chini ya meza ile nikiokota vifungo, sikuwa nimeshona zaidi ya pindo la suruali. Lakini neno likishatoka mdomoni halirudi. Tukaafikiana na ndugu yangu hivi: Jumamosi ya mwisho ya Februari jirani yetu alikuwa akiozesha binti. Siku hiyo ningevaa gauni nililolishona mwenyewe kwa cherehani ya mama. Nikishindwa, basi mwenye mkahawa aje na mkokoteni wake.

Kiangazi chetu na chao

Mfano wa gauni niliupata katika jarida la mitindo la ng'ambo, nililolinunua kwa muuza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara. Lilikuwa gauni la kiangazi: halina mikono, shingo imekatwa mraba, kiuno kimebana, na sketi imemwagika hadi chini ya magoti. Msichana aliyelivaa alikuwa amesimama ufuoni, upepo ukimpeperusha, kana kwamba maishani mwake hajawahi kupanda matatu.

Wenzetu wa Ulaya huvaa magauni ya namna hiyo kuanzia Juni hadi Agosti. Sisi wa Nairobi, tunaoishi zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, Julai huwa tumejikunyata katika sweta, na mama mboga amejifunga leso mbili. Jua letu huwaka kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, kabla ya mvua ya masika. Kwa hiyo hesabu yangu ya Februari haikuwa mbaya. Lililonipita ni jambo jingine: msichana wa jarida alikuwa amenyooka kama mwanzi, ilhali mimi nimezaa watoto watatu na mabega yangu yamebeba mitungi ya maji tangu utotoni. Nguo hukatwa kwa mwili, haikatwi kwa picha. Jambo hilo mama alilijua kabla sijazaliwa, ila mimi sikumwuliza.

Kitambaa cha Eastleigh

Kitambaa nilikwenda kukitafuta Eastleigh, kwa matatu ya nambari 9. Mtaa huu wakazi wengi wa Nairobi wanaujua kwa maduka yake, lakini vijana huenda hawajui biashara hiyo ilivyokua. Baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991, wakimbizi wengi walifikia hapa. Katika nyumba moja ya wageni iliyoitwa Garissa Lodge, watu walianza kuuzia bidhaa vyumbani mlemle walimolala. Vyumba vikageuka vibanda, vibanda vikawa maduka, na leo majengo ya biashara ya ghorofa nyingi yamesimama bega kwa bega kutoka barabara moja hadi nyingine.

Ndani ya mojawapo nilikiona: kitambaa cheupe chenye maua madogo ya buluu, chepesi kama pumzi. Mwenye duka alikikunjua mezani kwa mkono mmoja.

"Dada, hii ni pamba tupu. Haichuji wala hairudi."

Mita moja ilikuwa shilingi 400. Mama alikuwa amenidokezea kwamba gauni la kumwagika linataka mita tatu. Mimi nikanunua mbili na nusu, nikajiona nimeokoa shilingi 200. Tafadhali zikumbuke hizo shilingi 200.

Nilipompa mama kitambaa akipapase, alikisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. "Ni laini," akasema, kisha akaanza kusimulia vitambaa vya zamani. Enzi zake, hakuhitaji kuuliza pamba imetoka wapi. Kulikuwa na kiwanda cha Kicomi kule Kisumu na Rivatex kule Eldoret, na wakulima wa magharibi na wa pwani walikuwa wakipanda pamba. Soko lilipofunguliwa kwa bidhaa za nje na nguo za mitumba katika miaka ya 1990, viwanda vingi havikustahimili. Kicomi kilifungwa. Rivatex nacho kilianguka, hadi Chuo Kikuu cha Moi kiliponunua mali yake mwaka 2007 na kukifufua. Mama hana shahada ya uchumi, lakini alizijua habari hizo kwa njia yake: sare za shule zilipungua barazani, kisha nguo za Krismasi, kisha hata mapazia.

"Hatushoni, tunapunguza"

Kutoka Eastleigh niliteremka kwa miguu hadi Gikomba kununua zipu, uzi na vifungo. Njia hiyo hupitia Pumwani na Majengo, mitaa ya kale ambayo serikali ya kikoloni iliitenga kuwa makao ya Waafrika katika miaka ya 1920, na ambayo hadi leo ina misikiti, mabaraza na harufu ya mahamri ya asubuhi. Ukifuata makelele ya wauzaji utajikuta umeingia Gikomba bila kuambiwa.

Asiyeijua Gikomba anaweza kudhani ni fujo tupu, lakini ina utaratibu wake. Marobota hushushwa Mombasa kutoka Ulaya, Marekani na kwingineko, yakaletwa hapa na kufunguliwa alfajiri. Anayewahi hupata "kamera", yaani nguo safi ambayo ni kama mpya. Anayechelewa huinama juu ya rundo la shilingi hamsini hamsini. Soko hili limeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 uliwaua watu 15, na bado wenye vibanda walirudi. Machi 2020, wakati wa janga la korona, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mitumba hadi Agosti mwaka huo, na wengi wakala akiba yao yote. Hata hivyo walirudi tena.

Hapo ndipo nilipokutana na jaribu langu. Juu ya kamba, kati ya makoti, lilikuwa limetundikwa gauni la kiangazi: jeupe, mikono haina, kiuno kimebana. Bei shilingi 250. Nikapiga hesabu kichwani. Kitambaa changu kilikuwa shilingi 1,000, na zipu, uzi na vifungo shilingi 150. Na hapo sijahesabu nauli wala usiku ambao ningekesha.

Pembeni ya kibanda hicho alikaa fundi mmoja na cherehani kama ya mama. Nikamwuliza angenitoza pesa ngapi kunishonea gauni jipya. Akaondoa miwani.

"Mama, gauni jipya siku hizi ni la harusi au la kitenge. Sisi hapa hatushoni, tunapunguza."

Alikuwa na haki. Foleni yake ilikuwa ya watu walioshika nguo za miili ya watu wengine: suruali ya kufupishwa, koti la kubanwa kiunoni, sketi ya kuongezwa kiraka. Nilitazama vidole vyake vikifumua mshono wa kiwanda kwa wembe, haraka kama anayeambua ndizi. Ufundi upo. Kazi ya kukata nguo mpya ndiyo iliyomkimbia. Nikaliacha gauni la kamba, nikaenda zangu. Nilijiambia nimeshinda.

Mkasi haurudi nyuma

Jumapili mchana nilitandika kitambaa kwenye meza ya mama. Karatasi za kukatia nilizitengeneza kwa magazeti ya zamani, kama alivyofanya yeye. Kipande cha mbele cha gauni langu kilikuwa na matokeo ya ligi kifuani. Mama alikuwa amelala ndani. Ningeweza kumwamsha. Kiburi kikanizuia: nilitaka nimwitie kazi ikiwa imekwisha.

Basi sikiliza makosa yangu kwa mpangilio. Kwanza, sikukitia kitambaa maji kabla ya kukikata. Pili, nilijipima peke yangu mbele ya kioo, mkono mmoja umeshika futi na mwingine umeinuliwa juu, na mtu akiinua mkono mgongo na kwapa hubadilika. Tatu, kitambaa hakikutosha. Zile shilingi 200 nilizookoa zilinidai hapo: sehemu ya nyuma ya sketi haikuenea kwa urefu, nikaamua kuilaza, niikate kwa upana. Nani angejua? Maua yalikuwa madogo na hayakuwa na juu wala chini. Nne, sikushikiza vipande kwa uzi wa mkono nivijaribu mwilini. Nilikwenda moja kwa moja kwenye cherehani.

Lakini nisikufiche raha niliyoipata. Umeme ulipotea mtaani saa mbili za usiku, majirani wakaguna, na mimi nikawasha taa ya mafuta nikaendelea. Cherehani ya kukanyaga haina habari na nguvu za umeme. Miguu yangu ilikumbuka mwendo ambao sikujua kwamba niliufahamu, kisigino kisha vidole, kisigino kisha vidole, na sauti ile iliyonibembeleza utotoni ikarudi barazani. Mlango ulifunguka kidogo. Mama alisimama akisikiliza, kisha akaufunga bila kusema lolote.

Nililivaa saa sita za usiku. Shingo ilipwaya, hata niliweza kuingiza ngumi. Kwapani lilinikata. Kiuno, badala ya kukaa kiunoni, kilipanda chini ya matiti, na zipu ya mgongoni ilitambaa kama nyoka aliyekanyagwa. Nikajipa moyo kwamba maji na pasi vingelirekebisha, maana kitambaa kipya huwa kigumu. Asubuhi nikalifua, nikalianika.

Mwenye duka alikuwa amesema kweli nusu. Halikuchuja. Lilirudi. Na halikurudi kwa usawa: upande wa mbele ulipanda hadi juu ya magoti, na wa nyuma ukabaki palepale ulipokuwa. Nilisimama uani nikiwa nimevaa gauni la mikia miwili, na binti yangu mdogo akauliza kama ni la mchezo wa kuigiza.

Vidole vya mama

Nilitaka kulificha. Lakini nyumba za Kaloleni hazina pa kuficha kitu, na mama alikwisha sikia kicheko cha mjukuu wake.

"Lete."

Akaketi barazani, akaliweka mapajani, akaanza kulisoma kwa vidole. Alianza na pindo, akapanda na mshono wa ubavuni, akazunguka kwapa.

"Hukulitia maji kabla ya kukata."

"Sikulitia, mama."

"Na hapa nyuma umelaza kitambaa. Nyuzi za urefu ndizo hurudi zaidi, kwa sababu ndizo zilizovutwa sana wakati wa kufuma. Mbele kumepanda, nyuma kumekataa." Akanyamaza kidogo. "Nani alikupima?"

"Nilijipima mwenyewe."

"Hakuna mtu anayejipima mgongo, mwanangu."

Nililia, msomaji, na sikulilia kitambaa. Nililia kwa sababu mambo yote manne aliyonitajia kwa dakika tano alikuwa nayo siku zote, chumba cha pili kutoka nilipokuwa, na mimi nilidhani urithi ni ile chuma. Tulikuwa tumebishana kuhusu kuuza cherehani, na hakuna aliyeuliza fundi mwenyewe ana nini cha kutoa. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilikuwa na mama, nikaamua kwenda kufunzwa na ulimwengu wa Eastleigh kwa shilingi 400 mita.

Mama alingoja ninyamaze. Kisha akapitisha kidole tena juu ya mshono wa ubavuni. "Lakini mshono umenyooka," akasema. Ndiyo sifa pekee niliyopewa.

Halafu akaniagiza nikanunue marikani mita tatu.

Marikani ni kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, cha bei nafuu, ambacho mafundi hukatia jaribio kabla ya kugusa kitambaa chenyewe. Jina lake lina safari ndefu. Katika karne ya 19 meli za Marekani, nyingi kutoka bandari ya Salem, zilikileta Unguja kwa wingi, nacho kikaingia bara na misafara, kikatumika hata kama pesa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilikatiza biashara hiyo, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Jina likabaki. Hivyo nguo za Marekani kutufikia kwa meli si jambo la jana. Zamani zilikuja majora, siku hizi zinakuja zimeshavaliwa.

Jumamosi ya harusi

Siku ya harusi nilivaa dera. Lisifiwe dera, vazi lisilomuuliza mtu kipimo! Ndugu yangu aliniona nikiingia ukumbini, akacheka hadi akashika tumbo.

"Hilo ndilo ulilolishona?"

Kabla sijajibu, mama alisema: "Fundi bado yuko kwenye jaribio."

"Jaribio hadi lini, mama? Yule mtu anasubiri."

"Kushona nilijifunza kwa miaka miwili," mama akamjibu. "Na mimi nilikuwa mwepesi kuliko huyu."

Meza nzima ikacheka, nikacheka nami. Ndugu yangu hakukata shauri siku hiyo. Alisema tutazungumza, na kwa kuwa namfahamu, najua atazungumza. Sijui tutaishia wapi. Bei ya mwenye mkahawa bado iko palepale, na mahitaji ya nyumba hayajapungua.

Kama nawe unataka kujaribu, msomaji, nakupa nilichokipata kwa gharama. Nunua kitambaa kilichotajwa na fundi, usipunguze. Kiloweke, kikauke, kipigwe pasi ndipo kikatwe. Vipande vyote vifuate nyuzi za urefu. Mwombe mwenzako akupime, nawe usimame kama unavyosimama siku zote, bila kujibana tumbo. Shikiza kwa mkono kwanza. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kushika mkasi, mwamshe.

Gauni la maua ya buluu tulilifumua. Mbele na nyuma zilitoa blauzi ya binti yangu, na mabaki yakawa mfuko wa vifungo. Sasa kila Jumapili baada ya kanisa nasimama barazani mikono imelegea, na mama hunizungusha futi mgongoni, kisha huihesabu kwa kucha, tarakimu kwa tarakimu, kwa kuwa hazioni. Jaribio la kwanza la marikani lilikaa vizuri kiunoni. Mabega bado yananishinda.